Nilichomficha Advera

Niliingia chooni dakika tano tu. Nilimwacha mume wangu, Leodgar, amekaa kwenye benchi la bandarini, kofia yake ya pama kichwani, mkononi koni ya aiskrimu aliyonunuliwa na binti yetu Advera. Advera mwenyewe alikuwa kwenye foleni hatua chache kutoka hapo, akikata tiketi za kile kibehewa kinachoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu. Koni ilikuwa chini, aiskrimu inayeyuka juani.

Ilikuwa saa saba mchana, Julai mwaka jana, katika mji wa Bregenz, nchi ya Austria, kando ya ziwa kubwa ambalo wenyeji wanaliita Bodensee. Asubuhi tulikuwa tumepanda meli kutoka Lindau, ng'ambo ya Ujerumani, ambako Advera anaishi. Ilikuwa siku yetu ya sita huko. Sisi ni watu wa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mahali ambapo wazungu huja kila mwaka kupiga picha tembe la kale na kutuuliza maswali. Nilipomwambia Leodgar kwamba safari hii ni zamu yetu kwenda kushangaa kwao, alicheka mpaka akakohoa. Hiyo ilikuwa siku njema. Siku njema zake nilikuwa nimeanza kuzihesabu.

Nikaita, "Baba Advera!" Watu wakageuka, yeye hakuwamo. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha tiketi, nikachungulia kwenye mgahawa, nikarudi kwenye benchi kana kwamba angeota hapo tena.

"Mama, vipi?" Advera alikuja na tiketi tatu mkononi, anatabasamu. "Baba yuko wapi?"

"Alikuwa hapa."

"Atakuwa amekwenda kuangalia meli. Unamjua baba na mashine."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, na kwa nini awe na wasiwasi? Alijua baba yake ana miaka sabini na mmoja, ana presha kidogo, na masikio yake si kama zamani. Hayo ndiyo niliyokuwa nimemwambia. Niliyokuwa sijamwambia ni kwamba miaka miwili kabla ya siku ile, daktari alituketisha mimi na Leodgar, akatueleza kwamba ubongo wake unaugua, kwamba kusahau kule si uzee, na kwamba kutaongezeka. Mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi hospitali ya Kitete miaka thelathini na mmoja, nimewapa watu habari mbaya kuliko hiyo. Lakini tulipotoka nje nilimshika mkono mume wangu, nikamwambia, "Ni uzee tu, usijali," na tangu siku hiyo nikaishi kama vile hayo ndiyo aliyosema daktari.

Mtu mwingine aliyejua alikuwa Festo, mdogo wake Advera, ambaye anaendesha lori la mpunga kati ya Igunga na Tabora. Asingeweza kutojua. Mara tatu mwaka ule baba yake aliondoka nyumbani alfajiri, akatembea kutoka Kwihara mpaka stesheni ya Tabora, na Festo ndiye aliyemkuta amesimama pale anasubiri treni ya Kigoma ili aanze kazi. Leodgar alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Alistaafu miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilimwapisha Festo asimwambie dada yake. "Yuko mbali," nilimwambia, "na ana kazi yake. Utamwumiza bure." Festo hakupenda, ila aliapa.

Basi siku sita nzima huko ziwani nilikuwa nalinda siri hiyo kama mtu anayebeba uji wa moto. Advera akimwuliza baba yake swali, najibu mimi. Asubuhi ile melini Leodgar alininong'oneza, "Tumeshapita Ujiji?" Nikamwonyesha ndege weupe wanaofuata meli, nikaongea sana kuhusu ndege. Advera akaniangalia. "Mama, mbona humwachi baba aongee?" Nikacheka.

Sasa tulikuwa tunamtafuta. Advera aliingia vyoo vya wanaume bila aibu. Alikwenda kwenye meli mbili zilizotia nanga, akaongea na mabaharia. Dakika ishirini zikapita, halafu thelathini. Tabasamu lilikuwa limemwisha. Alirudi kwangu, simu sikioni, anaongea Kijerumani na polisi, huku ananitazama.

"Wanauliza amevaa nini."

"Shati la bluu, suruali ya kaki, pama."

Akawaambia. Akasikiliza. "Wanauliza kama anajua kuogelea."

"Hajui."

Akawaambia na hilo. Kisha akasikiliza tena, akaniuliza polepole, "Wanauliza kama ana ugonjwa wowote wa akili au wa kumbukumbu."

Nataka nieleze sawasawa kilichotokea hapo, kwa sababu nimekiungama kwa padri lakini bado hakijanitoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mume wangu alikuwa amepotea kwenye nchi ya watu, ziwa liko mbele, reli iko nyuma, na polisi walikuwa wameuliza swali lenyewe hasa. Nilifungua mdomo, nikasema, "Hapana. Presha tu."

Advera akalitafsiri jibu hilo kama lilivyo.

Polisi wawili walikuja kwa baiskeli. Mmoja alitembea juu ya gati akiinama kuangalia maji. Sikuweza kumtazama. Niligeuka upande wa mji, na ndipo treni ikapita, karibu kabisa, maana pale reli inapita kati ya mji na ziwa, hatua chache kutoka bandarini. Nilisikia magurudumu yake, nikajua. Nilijua alikokwenda mume wangu kama ninavyojua jina langu. Bado sikusema. Nilijiambia nitangoja kidogo, pengine atatokea mwenyewe, pengine haitakuwa lazima. Nilikuwa nimezoea kungoja.

Saa nane ilikuwa imepita Advera alipompigia Festo. Alitaka kumjulisha tu, nadhani alitaka kusikia sauti ya ndugu. Aliweka simu kwenye spika ili na mimi nisikie. Festo alikuwa Igunga, anapakia. Nilisikia makuli wakipigiana kelele nyuma yake.

"Festo, baba amepotea. Tuko naye matembezini, amepotea zaidi ya saa nzima sasa. Polisi wanatafuta majini."

"Majini?" Festo akasema. "Dada, achaneni na maji. Angalieni stesheni. Kuna reli karibu?"

"Stesheni? Aende stesheni kufanya nini?"

Nilisikia makuli tu.

"Mama hajakwambia?" Festo akauliza.

"Aniambie nini?"

"Dada, nisamehe. Niliapishwa." Kisha akamwambia yote, kwa haraka, kama mtu anayetua gunia. Daktari. Miaka miwili. Alfajiri tatu. Treni ya Kigoma.

Advera alikata simu. Hakunipigia kelele, ningependa angenipigia. Alinitazama kama ninavyowaona watu wakimtazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Walikuuliza," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuuliza, hapa hapa."

"Mwanangu..."

"Baadaye." Akawageukia polisi. Sikuelewa alichowaambia, ila neno moja nililielewa, kwa sababu amelitaja mara nyingi kwenye simu akinisimulia kazi yake. *Demenz.* Advera anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake yote, kila siku, ni wazee waliosahau.

Mambo yakabadilika mara moja. Polisi aliyekuwa juu ya gati aliacha maji na kuja mbio. Mwingine aliongea kwenye redio. Mama mmoja anayeuza mikate karibu na kituo kidogo cha treni akasema ndiyo, alimwona mzee wa pama, alikuwa akitembea kwenye njia ya miguu inayofuata reli, kuelekea upande wa Lindau, anatembea haraka, anaangalia chini kwenye mataruma yanayoshikilia reli. Polisi walipanda baiskeli zao. Advera akanishika mkono, si kwa upole, akanivuta kwenye treni iliyokuwa inaondoka upande huo huo.

Treni ilikwenda polepole sana. Dereva alikuwa ameshapewa taarifa, nilikuja kuambiwa baadaye. Upande mmoja kulikuwa na mlima, upande mwingine ziwa, limekaribia reli kiasi kwamba kutoka dirishani huoni ardhi, unaona maji tu yanayometameta. Mimi niliangalia upande wa maji. Advera alisimama mlangoni, paji la uso limegusa kioo. Nilitoa rozari nikaanza Salamu Maria, nikafika katikati nikasahau maneno. Ninayasema tangu nina miaka minne.

Kisha treni ikafunga breki. Si breki za kituoni. Mfuko wa mama aliyekaa mbele yangu ulianguka, machungwa yakaviringika mpaka miguuni pangu. Tukasimama. Sauti ya mwanamume ikatangaza jambo kwenye spika, sentensi mbili fupi, na watu ndani ya behewa wakaacha kuongea.

Nilimwona Advera akifumba macho.

"Amesema nini?"

Nikapaza sauti.

"Advera. Amesema nini?"

"Amesema kuna mtu relini."

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka Advera akimsihi kondakta, anaonyesha kifua chake, anaonyesha nje, na kondakta akitikisa kichwa, halafu anamtazama usoni, halafu anafungua mlango. Tulirukia kwenye kokoto. Nilipoteza kiatu kimoja, nikakiacha.

Alikuwa hai. Alikuwa amesimama katikati ya reli, mita arobaini hivi mbele ya kichwa cha treni, mikono yote miwili ameinyoosha juu kabisa, hajaishusha. Shati lilikuwa limelowa jasho. Dereva, mwanamke wa makamo, alikuwa ameshuka, amesimama kando hajui afanye nini. Leodgar alikuwa anaongea naye kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka.

"Usipite, mama. Maji yamekata tuta. Unaona? Yamefika mpaka hapa. Ukipita, mabehewa yote yanakwenda chini."

Nikaelewa. Mwaka wa tisini na nane, mvua za Elinino, alisimamisha treni ya abiria iliyotoka Kigoma namna hiyo hiyo, baada ya mto kula tuta la reli upande wa Malagarasi. Usiku huo aliokoa watu. Sasa alikuwa ametembea kando ya reli ya wageni, akaona maji pembeni yake, maji yasiyo na mwisho, akafanya kazi yake.

Nilitaka kukimbia nikamshike. Nilitaka kumwambia, Baba Advera, hakuna mafuriko, hili ni ziwa tu, tumekuja kutembea. Advera alinizuia kwa mkono.

"Usimbishie," alisema. "Kaa hapa."

Akamwendea polepole, kutoka mbele ili amwone. Alisimama hatua tatu kutoka kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakushusha mikono. "Wewe ni nani?"

"Nimetumwa kukupokea zamu. Tumepata taarifa yako. Treni imesimama, hakuna atakayepita."

Leodgar akamwangalia juu mpaka chini. "Gengi la mafundi liko wapi?"

"Liko njiani. Wanakuja na kokoto na mataruma."

"Andika saa."

Advera akatoa simu yake, akaishika kama daftari. "Saa nane na dakika hamsini."

"Andika na jina langu. Leodgar. Wasije wakasema sikutoa taarifa."

"Nimeandika, mzee. Kazi nzuri. Sasa shusha mikono, umechoka. Twende kivulini, mimi niko zamu."

Mikono yake ikashuka. Ilishuka yote kwa pamoja, kama imekatwa kamba, na yeye mwenyewe akayumba. Advera alimdaka. Polisi waliofika kwa baiskeli walibaki nyuma, wakavua kofia zao. Mimi nilisimama pale na kiatu kimoja, nikaona jinsi binti yangu alivyomzungushia baba yake mkono kiunoni, bega lake chini ya kwapa la mzee, hatua kwa hatua mpaka nje ya reli. Alifanya kwa ustadi kuliko mimi. Na nilijua alikoupatia ustadi huo: kwa kuwabeba baba za watu wengine.

Walikaa kwenye nyasi. Nilikaribia kiasi cha kusikia.

"Una mikono ya uuguzi," Leodgar alikuwa anamwambia. "Mke wangu ni nesi. Na nina binti, naye anatunza wagonjwa. Yuko Ulaya."

"Anaitwa nani?"

"Advera."

"Unaongea naye?"

"Jumapili, kwenye simu." Akachuma jani, akalizungusha vidoleni. "Mama yake anasema tusimwambie mambo. Asije akasumbuka."

Advera akainua macho, akanitazama juu ya kichwa cha baba yake.

Jioni ile, nyumbani kwake, jua bado liko juu maana huko kiangazi jua halitaki kuzama, Leodgar alilala kwenye kochi na sisi tukakaa jikoni. Polisi walikuwa wametuambia kwamba kabla ya taarifa ya pili, ile ya ugonjwa, treni nne zilipita pale kwa mwendo wa kawaida. Nne. Advera aliirudia namba hiyo.

Kisha akasema, "Mama, mimi nawaogesha wazee wa watu. Nawalisha kwa kijiko. Nina mzee mmoja, najua jina la mbwa aliyekuwa naye utotoni, kwa sababu ndiyo njia ya kumfanya akubali dawa. Nikirudi nyumbani nawapigia simu, mnaniambia baba ana uchovu. Miaka miwili. Ulidhani mimi nitafanya nini? Nitamcheka?"

"Niliogopa ungeacha kazi ukarudi."

"Hiyo siyo sababu."

"Niliogopa maneno ya watu. Unajua kwetu, mtu akipotewa na akili wataanza kusema amerogwa, na nani kamroga."

"Hiyo pia siyo, mama. Wewe umewafukuza waganga wodini kwa fimbo, Tabora nzima inajua."

Alikuwa sahihi. Zilikuwa sababu za kweli, lakini hazikuwa sababu yenyewe. Ilibidi nichimbe, na nilipoipata nilitamani nisingeipata.

"Kila Jumapili ulipopiga simu," nilimwambia, "ulikuwa unaongea naye kama yule wa zamani. Unamtania, unamwuliza ushauri. Na yeye ananyooka, anakujibu, hata kama amekosea. Mimi nakaa pembeni nasikiliza. Festo alishaanza kumwongelesha kama mtoto. Mimi vilevile. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa bado na baba. Nilitaka abaki mzima mahali fulani."

Advera alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alipoitoa, macho yalikuwa makavu.

"Nakuelewa," alisema. "Na bado angekufa leo kwa sababu hiyo."



Hatukwenda tena matembezini siku zilizobaki. Advera alichukua karatasi, akaniandikisha kila kitu: dawa, saa anazochanganyikiwa, vitu vinavyomtuliza. Alinihoji kama nilivyokuwa nikiwahoji manesi wanafunzi, na nilipojaribu kupunguza jambo, aliweka kalamu chini akangoja. Oktoba alichukua likizo ndefu, akaja Kwihara. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa majirani, Wakatoliki na Wamoraviani, akawaambia waziwazi baba yake anaumwa nini na wamfanyeje wakimkuta njiani. Alikwenda stesheni. Alikwenda kwa vijana wa bodaboda wa njia panda, akawapa namba ya Festo. Nilikuwa natembea nyuma yake nikitamani ardhi inimeze, na hakuna hata mmoja aliyetucheka. Mama mmoja alisema, "Sisi tulishaona zamani, tulikuwa tunawasubiri nyie mseme."

Siku ya mwisho ya likizo yake, asubuhi, Leodgar aliamka akiwa yeye mwenyewe. Ilitokea hivyo mara mojamoja bado. Walikaa barazani wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, wawili tu. Mimi nilikuwa natoka jikoni na chupa ya chai, nikasikia Advera akisema, "Baba, kuna jambo nataka nikuambie mwenyewe, usilisikie pembeni. Una ugonjwa wa kusahau. Siyo uzee."

Nikasimama nyuma ya mlango.

"Najua," Leodgar akasema.

"Unajua?"

"Daktari alisema mbele yangu. Masikio hayajafa kiasi hicho." Alitafuna, akameza. "Ila mama yako alikuwa anaficha kwa bidii sana. Anajibu kabla yangu. Ananifichia viatu. Ananong'ona na Festo. Nikasema nimwache. Ningemwambia najua, angelia, na yeye hapendi kulia mbele za watu."

"Wewe ni watu, baba?"

"Kwa mama yako, kila mtu ni watu."

Advera akacheka, kicheko cha ghafla, cha kweli, cha kwanza tangu siku ile ya treni. Mimi nilibaki pale mlangoni, chupa mkononi, nikifikiria miaka miwili ya kumlinda mtu aliyekuwa ananilinda mimi. Kisha nikatoka, nikaweka chupa chini, nikakaa kati yao, nikalia mbele za watu.

Advera aliondoka mchana huo. Sasa simu ya Jumapili ni ya kila jioni, na mimi ndiye ninayepiga. Ananifundisha kuanza na habari mbaya. Jana nilianza na kwamba baba yake hakunijua mpaka saa tano, na kwamba alimkatalia Festo kunyolewa. Nilipomaliza, akasema, "Haya, mama. Sasa niambie na mazuri."